Waliomwibia Mamdogo Walianza na Laini ya Simu

Laini yako ikipoteza mtandao ghafla, na walio pembeni yako wanaendelea kupiga na kupokea kama kawaida, usikae ukizima na kuwasha simu. Azima simu ya mtu aliye karibu, mwenye laini ya mtandao kama wako, piga 100, na mwambie anayepokea: "Laini yangu imebadilishwa bila mimi kujua. Naomba mfunge laini na akaunti ya pesa sasa hivi." Mengine yote nitakayoandika hapa yanaweza kusubiri saa moja au mbili. Hilo haliwezi.

Nimelitanguliza kwa sababu najua wapo watakaofungua makala hii wakiwa katikati ya balaa lenyewe, mikono inatetemeka, na hawana muda wa kusikiliza habari za ndugu yangu. Wengine kaeni niwaeleze, maana yaliyotupata yamenifundisha mambo ambayo hakuna bango la barabarani linaloyasema.

Mamdogo wangu anauza vitenge Kariakoo, Dar es Salaam, Mtaa wa Kongo. Yupo hapo tangu enzi ambazo mauzo ya siku yalifungwa kwenye pindo la kanga na kupelekwa nyumbani. Siku hizi wateja wake wengi wanalipa kwa simu. Wa Mbeya na Songea hata hawaji mjini: wanatumiwa picha WhatsApp, wanachagua, wanatuma hela, mzigo unapanda basi. Kwa hiyo mauzo, wateja, kikoba chake na akaunti yake ya benki, vyote vinapita kwenye laini moja.

Mchana mmoja alipita kijana mwenye mashine ya alama za vidole, kavaa fulana ya kampuni ya simu, anakwenda meza kwa meza akisema kuna uhakiki wa usajili wa laini. Hakuna aliyeshtuka. Tangu usajili wa alama za vidole uanze Mei 2019, na ile mikikimikiki ya Januari 2020 pale tarehe ya mwisho iliposogezwa hadi tarehe 20, watu wa Kariakoo wamezoea kusajiliwa barabarani chini ya mwamvuli. Mamdogo akataja namba yake ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, akaweka kidole. "Mama, haijasoma, weka tena." Akaweka. "Una jasho kidogo mama, futa, tujaribu na hiki kingine." Akafuta kwenye pindo la kitenge, akaweka. Kijana akashukuru, akasogea meza ya jirani.

Mashine ilikuwa imesoma tangu mara ya kwanza. Kidole cha kwanza kilitumika kuhamishia namba yake kwenye laini mpya iliyokuwa mfukoni mwao. Kilichofuata kilisajili laini nyingine kabisa, ya mtandao mwingine, kwa jina lake. Hiyo ya pili tulikuja kuigundua baadaye sana, na ndiyo iliyotutesa kuliko ya kwanza.

Jioni simu ilikuwa haina mtandao. Akadhani ni minara, kama mtu yeyote angedhani. Mdogo wangu, binti yake, aliponipigia usiku, salio la kwenye simu lilikuwa limeisha, mkopo wa papo kwa papo wa kwenye simu ulikuwa umechukuliwa hadi kikomo, na akaunti ya benki ilikuwa imekombwa kupitia huduma ya simu. Wateja wa Mbeya nao walikuwa wamepata meseji kutoka WhatsApp ya mamdogo mwenyewe: "Namba ya kulipia nimebadilisha, tumia hii." Wapo waliotuma.

Sote tunazijua meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Tunazijua za mwenye nyumba aliyebadilisha namba, za mganga, za mtoto aliyeugua ghafla shuleni. Hizo zinahitaji wewe ufanye kitu ndipo waibe. Waliomwibia mamdogo hawakumwomba hata senti. Walichukua jina lake na namba yake, wakaenda kuwa yeye.

Na hapa nataka kusema jambo linalonikera mpaka leo. Kila mtu tuliyemweleza, kuanzia majirani hadi waliokaa nyuma ya kaunta, swali lake la kwanza lilikuwa: "Mama, ulimpa nani namba ya siri?" Hakumpa mtu. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Mwenye namba hiyo tayari anajua umezaliwa lini. Namba ya siri ya mamdogo ilikuwa mwaka wake wa kuzaliwa, kama ilivyo kwa maelfu ya mama na baba zetu waliofungua huduma hizi wakisaidiwa na kijana wa dukani aliyewaambia "mama, weka namba usiyoweza kuisahau". Mwizi hakuhitaji kuambiwa. Ukimuuliza mama kama huyo swali lile mbele ya watu, unachofanya ni kumfunga mdomo. Atarudi nyumbani na aibu yake, atasema "basi, Mungu atalipa", na wezi watapata siku nyingine nzima ya kufanya kazi. Nimeona watu wazima kabisa wakiacha kuripoti kwa sababu hiyo tu.

Kwa hiyo aliyeibiwa akikujia, muulize imetokea saa ngapi, halafu mtafutie simu.

Tuanze na usiku ule. Kufunga laini ni hatua ya kwanza, lakini watu wengi wanaishia hapo au wanaishia kwenye kufunga kadi. Kadi ikifungwa, huduma ya benki kwenye simu inaendelea kufanya kazi. Ni milango miwili. Unapopiga benki, namba ipo nyuma ya kadi yako, sema wazi kwamba unataka vifungwe vyote: kadi, huduma ya simu, huduma ya intaneti, na utoaji wowote kwenye akaunti mpaka ufike tawini mwenyewe. Kisha omba namba ya kumbukumbu ya malalamiko yako na jina la aliyekupokea. Iandike pamoja na saa. Kama hawana namba ya kukupa, andika jina na saa hivyo hivyo.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Pesa ikishatoka kwako imekwenda kwenye namba fulani, na mara nyingi namba hiyo ni ya mtandao mwingine. Mtandao wako hauwezi kuishika hela iliyoko kwa wenzao. Namba 100 inakupeleka kwa mtandao wa laini unayopigia, kwa hiyo tafuta mwenye laini ya mtandao ilikokwenda hela, piga 100 kwa simu yake, taja namba iliyopokea na namba ya kumbukumbu ya muamala, waombe waizuie. Hela ikiwa bado imelala pale inaweza kukwama. Ikishatolewa kwa wakala, basi tena. Sisi tuliokoa sehemu ndogo kwa njia hii, na tuliiokoa kwa sababu mpangaji mwenzao alikuwa na laini ya mtandao ule na alikuwa bado hajalala.

Usifute meseji hata moja. Hata zile za matusi. Ukirudishiwa laini, piga picha za skrini za kila kitu na uzitume kwa ndugu unayemwamini, zikae mahali pawili.

Asubuhi tulikwenda kwenye duka la kampuni ya simu lenyewe, siyo kwa wakala wa mwamvuli. Nenda na kitambulisho cha NIDA. Utaweka kidole, utapewa laini yako upya, na ya wezi itakufa papo hapo. Ukiwa umesimama pale pale, kabla hujatoka mlangoni, piga *106# na ufuate maelekezo. Inakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoitambua, ikane hapo hapo na udai ifutwe, na kama ni ya mtandao mwingine, nenda dukani kwao siku hiyo hiyo. Sisi hatukuambiwa siku ile, na mhudumu hakulitaja. Ndiyo maana laini ile ya pili iliendelea kuishi.

Kisha badilisha namba za siri zote, na mwaka wa kuzaliwa wa mtu yeyote ndani ya ukoo usiwemo. Badilisha neno la siri la barua pepe, maana barua pepe ndiyo inayofungulia mengine. WhatsApp isajili upya kwenye simu yako, itamtoa aliyeiteka, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Kikoba na wateja watumie ujumbe wa sauti, siyo wa maandishi. Sauti ya mamdogo wanaijua. Maandishi yake yalishaibiwa.

Namba zilizopokea hela na zilizotuma meseji ziripoti kwa meseji kwenda 15040. Hiyo ni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, kwa ajili ya matapeli, na kazi yake ni kuwezesha namba hizo zifungwe. Hairudishi pesa, lakini inaokoa wengine.

Polisi. Hapa naomba tuelewane vizuri, kwa sababu karatasi mbili zinafanana na watu wanazichanganya. Ipo taarifa ya kupotelewa, ile unayochukua ukipoteza kadi au cheti. Hiyo haitoshi. Wewe hukupoteza kitu, umetendewa kosa. Unachohitaji ni kuandikisha maelezo, jalada lifunguliwe na upewe namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, nayo hailipiwi. Kabla hujaenda, kaa chini uandike kwenye karatasi moja mtiririko wote: saa laini ilipokufa, kila muamala, saa yake, kiasi, namba iliyopokea, namba ya kumbukumbu. Tulipofika kaunta, mamdogo alianza kueleza kwa machozi na afande alikuwa anaandika neno moja moja kwenye daftari huku watu wengine wamejaa nyuma yetu. Nilipomsogezea ile karatasi, akaisoma yote, akainua macho, akasema, "Mama, hii imenisaidia sana." Akaanza kuandika kwa kasi. Alijua nini cha kuomba kwa kampuni za simu, na polisi ndio wanaoweza kuomba taarifa za mwenye namba iliyopokea. Wewe ukiziomba hutapewa, na ni sawa usipewe.

Sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inataja kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta kuwa kosa linalojitegemea. Kwa hiyo hata kama hela iliyoibwa ni ndogo, au hata kama haijaibwa hela yoyote, mtu kutumia jina lako peke yake kunatosha kufungua jalada. Wakikwambia "sasa mama, hasara iko wapi?", hilo ndilo jibu.

Nimefika sehemu ngumu, nayo ni benki.

Baada ya kupokea malalamiko yetu, benki ilijibu kwa maneno ambayo nadhani wengi wenu mtayasikia: mfumo unaonyesha namba ya siri iliingizwa kwa usahihi, kwa hiyo miamala ni halali na imefanywa na mteja. Kwa heshima kabisa, huo si ushahidi kwamba mteja ndiye aliyefanya. Ni ushahidi kwamba aliyefanya alikuwa na laini na alikuwa na namba. Mamdogo alisikia jibu lile akanyamaza. Tulipotoka nje akaniambia, "Mwanangu, wanasema mimi ndiye mwizi wa hela yangu mwenyewe."

Kilichovunja hoja hiyo ni karatasi moja kutoka kampuni ya simu. Tuliandika barua kuomba wathibitishe kwa maandishi tarehe na saa ambayo laini yake ilibadilishwa, na ilibadilishiwa kupitia wakala gani. Mwanzoni tuliambiwa taarifa hizo ni za polisi tu. Tukasisitiza kwa upole kwamba hatuulizi habari za mtu mwingine, tunauliza habari za laini yake mwenyewe. Haki hiyo ipo kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo ilianza kutumika Mei 2023: mtu ana haki ya kujua taarifa zake zimechakatwa vipi na nani. Tulirudi zaidi ya mara moja. Barua ikatoka.

Tukachukua taarifa ya akaunti kutoka benki, tukailaza mezani kando ya ile barua. Kwenye barua, saa ya laini kubadilishwa. Kwenye taarifa ya akaunti, saa ya muamala wa kwanza. Muamala ulikuja baada ya laini kubadilishwa, na haikupita hata saa moja. Kabla ya hapo, katika kurasa zote za miezi ya nyuma, mamdogo hajawahi kuhamisha kiasi kikubwa namna ile mfululizo kwenda namba asizowahi kuzitumia. Nilizungushia kalamu nyekundu saa hizo mbili, tukapeleka tawini. Tangu siku hiyo hakuna aliyetutajia tena habari ya namba ya siri sahihi.

Kila barua mliyopeleka iwe na nakala mbili. Wanabaki na moja, ya pili wakugongee muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Akikwambia "acha tu mama, tutaifanyia kazi", kaa pale pale umngoje mwenye muhuri. Barua isiyo na muhuri baada ya mwezi inakuwa kama haijawahi kuandikwa, na watu waliokupokea watakuwa wamehamishiwa matawi mengine.

Benki ikikataa, au ikikuzungusha bila jibu la maandishi, peleka malalamiko Benki Kuu, yaani BoT. Wana dawati la kushughulikia malalamiko ya wateja wa huduma za fedha, na zipo Kanuni za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019 zinazoibana benki ijibu. Sharti ni kwamba uwe umeanzia kwa benki yako, na hapo ndipo ile nakala yenye muhuri inapolipa. Mkazi wa Dar unaweza kufika kwenye zile ofisi zao za minara miwili, Mtaa wa Mirambo. Ukiwa na malalamiko dhidi ya kampuni ya simu, TCRA wako Mawasiliano Towers, Barabara ya Sam Nujoma. Sisi tulipeleka BoT, na benki ikakubali kurudisha sehemu ya pesa. Sehemu nyingine bado tunaidai, na sitawaambia kwamba mambo yamekwisha vizuri wakati hayajakwisha.

Wakati tunahangaika hivyo, wakaja wezi wa pili. Nawaomba mlisome hili kwa makini. Mtu akishaibiwa, anapigiwa simu na mwingine anayejitambulisha kuwa ni askari wa kitengo cha makosa ya mtandao, au ofisa wa benki, au mtaalamu wa kurudisha pesa. Anajua jina lako, anajua kiasi ulichoibiwa, anajua hata siku. Anasema mwizi ameshakamatwa na hela imeshikiliwa, ila kuna gharama ndogo ya kufungulia. Anajua yote hayo kwa sababu ni walewale, au wameuziana taarifa zako. Mamdogo alipigiwa akiwa kwenye foleni ya benki na almanusura atume, maana aliyempigia alikuwa na sauti ya upole na alimwita "mama yangu". Jeshi la polisi halikutozi ili ukabidhiwe pesa yako. Huduma kwa wateja ya kampuni ya simu inakupigia kwa namba 100 tu.

Sasa ile laini ya pili. Wiki kadhaa baadaye mamdogo alianza kupigiwa na watu wanaodai mkopo wa mtandaoni. Hakuwahi kuiona hata hiyo programu. Lakini mkopo ulikuwa na jina lake kamili na namba yake ya NIDA, na wanachama wa kikoba waliandikwa kama wadhamini, kwa kuwa wezi walipokuwa ndani ya WhatsApp yake waliona namba za kikundi chote. Wadai wakaanza kuwatumia wanakikoba meseji: mwambieni mwenzenu alipe, ni tapeli. Mama aliyeaminiwa ufunguo wa sanduku la kikoba kwa miaka, anaitwa tapeli kwa wenzake. Hela iliyoibwa iliumiza. Hili lilimlaza kitandani.

Kama wewe ni mdaiwa wa mkopo usioujua, kwanza angalia kama anayekudai ana leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni. Anayekudai asipokuwa na leseni, huyo unampeleka BoT na polisi, hubishani naye kwenye simu. Akiwa na leseni, mwandikie barua ya kukana mkopo. Ambatisha RB, ambatisha barua ya kampuni ya simu, na uliza swali moja muhimu kuliko yote: hela ya mkopo mliituma namba gani, na namba hiyo ilisajiliwa lini? Kwa mamdogo jibu lilikuwa laini ya mtandao mwingine iliyosajiliwa siku ileile ya kijana wa mashine ya vidole. Hapo ndipo tulipopiga *106# tukaikuta imekaa, na jina lake juu yake.

Usilipe chochote eti upate amani. Ukilipa hata elfu kumi, unaonekana umelikubali deni, na wataendelea. Nilibishana na mjomba juu ya hili karibu usiku kucha. Yeye alitaka tuchange tulipe yaishe, kuliko dada yake kudhalilishwa. Namwelewa. Lakini deni la jina lako lisilo lako, ukilifunika kwa hela, linabaki kwenye kumbukumbu kama lako.

Kumbukumbu hizo zipo kweli. Taasisi za fedha hupeleka taarifa za wakopaji kwenye kanzidata ya Benki Kuu, na zipo kampuni zenye leseni, Creditinfo ikiwa mojawapo, zinazotoa taarifa hizo kwa benki unapoomba mkopo. Una haki ya kuomba taarifa yako na kupinga kilichoandikwa kimakosa. Iombe hata kama hudaiwi na mtu kwa sasa. Mwizi wa jina anaweza kukaa kimya muda mrefu, na wewe ukaja kugundua siku unayotaka mkopo wa kumalizia nyumba.

Kwenye kadi nitapita haraka, kwa kuwa njia yake ni fupi kidogo. Mwenzangu kazini aliamka akakuta manunuzi ya dola kwenye kadi yake, moja dogo kabisa la kujaribu, kisha makubwa yakafuatana. Hilo dogo ndilo la kuangalia: ukiliona na hulijui, usiseme ni kitu kidogo, funga kadi. Akaenda tawini na kadi mkononi, akamtaka ofisa aandike kwamba kadi anayo mwenyewe, kisha akajaza fomu ya kupinga miamala. Benki hupeleka pingamizi hilo kupitia mitandao ya Visa au Mastercard, nayo ina ukomo wa muda, kwa hiyo usikae na hasira nyumbani mpaka siku zikapita. Alirudishiwa. Kadi mpya, tarakimu mpya, na ile ya manunuzi ya mtandaoni sasa ameitenga na ya mshahara.

Jambo la mwisho ni nakala za vitambulisho. Tunazitoa kila mahali: mwenye nyumba, serikali ya mtaa, ofisi ya kazi, wakala wa laini, duka la kutoa nakala pale stendi ambako nakala iliyotoka vibaya inatupwa kwenye boksi chini ya mashine. Mimi mwenyewe nimewahi kununua karanga Msimbazi zikiwa zimefungwa kwenye nusu ya fomu ya mtu, jina na namba ya NIDA vinasomeka vizuri kabisa. Nakala iliyoharibika dai upewe, uichane mwenyewe. Na ile unayoikabidhi, chukua kalamu uandike kwa kukatisha juu ya picha na namba: imetolewa kwa nani, kwa kazi gani, tarehe ngapi. "Kwa ajili ya kupanga chumba Tandika tu, tarehe fulani." Siku nakala hiyo ikionekana kwenye mkopo wa mtu, utajua ilitokea mlango gani, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi itakuwa na pa kuanzia. Mamdogo sasa anaandika hivyo kwa wino mwekundu, na wanakikoba wote amewaambia waandike hivyo.